Je, Wajua? Shirikisho la uvuvi wa mshipi lilizaliwa 1939

Maji ya Mto Mkondoa unaopita Kilosa huingia Mto Wami na kufika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Katika bahari hiyo, hasa msimu wa kaskazi, hupita sulisuli na nduaro, samaki wanaovutia wavuvi wa mshipi kutoka duniani kote.

• Mwaka 1934, mwandishi Ernest Hemingway wa Marekani alivua Malindi, Kenya, baada ya safari ya uwindaji Tanganyika.

• Tarehe 7 Juni 1939, Michael Lerner na wenzake walianzisha jijini New York shirikisho la kimataifa la uvuvi wa ndoano, IGFA. Lilisawazisha kanuni: samaki apambane na mvuvi mmoja tu. Mwenzake akigusa fimbo au mshipi wakati wa pambano, rekodi haihesabiki.

• Leo wavuvi wengi wa Watamu na Malindi humfunga sulisuli alama yenye namba, kisha humwachia aende. Akinaswa tena, namba hiyo huonyesha safari na ukuaji wake. Desturi hii njema inastahili kuigwa pwani yetu yote.