Chakula cha Mgonjwa Mwenye Mfuko Tumboni



Ramadhani iliyopita, mzee mmoja jirani yetu hapa Njoro alianguka kabla ya adhana ya Alasiri. Mzee huyo alipasuliwa, na utumbo wake mwembamba ukatolewa tundu tumboni, choo kikawa chatoka kuingia mfukoni. Tena ana maradhi ya sukari na presha ya damu. Kumbe alikuwa akifunga kwa siri, kwa kuona haya kula mchana mbele ya wajukuu. Tulimpeleka hospitali, na Mwenyezi Mungu akamsalimisha.

Basi yafaa ijulikane kwamba, tundu likiwa la utumbo mwembamba, mwili hupoteza maji na chumvi ambavyo utumbo mpana ungevirudisha. Mwenye presha aliyezoea kuambiwa apunguze chumvi asikate shauri peke yake. Amwulize daktari kiasi chake. Maji matupu, hata yakiwa mengi, hayarudishi chumvi iliyopotea. Huenda akahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, na mwenye maradhi ya sukari aulize kipimo chake.

Ndizi mbivu, wali na ugali hukifanya choo kiwe kizito, lakini huzidisha sukari katika damu. Viliwe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Mtori ni chakula laini, ila mwenye figo mbovu ajihadhari, kwani ndizi zina potasiamu nyingi. Makande, karanga, nazi na maganda ya matunda huweza kuziba tundu. Majuma ya kwanza yaachwe, na baadaye yatafunwe sana. Kidonge kikionekana kizima mfukoni, daktari aambiwe, maana yamkini dawa haikuingia mwilini. Na mdomo ukikauka, mkojo ukipungua, kichwa kikizunguka, msingoje kesho.

Ama kuhusu saumu, Mwenyezi Mungu katika Suratil Baqara, aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa ruhusa. Naye asiyetarajia kupona hulisha maskini kwa kila siku aliyokula. Kuipokea ruhusa hiyo si udhaifu wa imani. Enyi vijana, mkimwona babu akila mchana msinong'onezane.

Siku hizi mzee wetu hunywa uji wake adhuhuri, na wajukuu wale wale ndio wamleteao.

Wabillahi tawfiq.