Super Mario Bros.: mchezo usiomruhusu mchezaji kurudi nyuma

Mchezo wa video wa Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani mwezi Septemba 1985, una sheria moja kali: picha kwenye skrini husogea kuelekea kulia tu. Sarafu ikishatoweka upande wa kushoto, mchezaji haipati tena.

Mchezaji humwongoza fundi bomba Mario kupitia dunia 8, kila moja ikiwa na hatua 4, ili kumwokoa binti mfalme aliyetekwa. Mario hukimbia, huruka mashimo na kuwakanyaga maadui kutoka juu. Akiguswa ubavuni hufa, isipokuwa awe amekwisha kula uyoga unaomkuza.

Ustadi wa mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, huonekana katika sekunde za mwanzo, ambapo hakuna maelezo yoyote. Adui mmoja huja polepole; asiyeruka hupoteza moja ya maisha yake 3, lakini hasara ni ndogo, kwani ndiyo kwanza ameanza. Kisha uyoga huchomoza kutoka kwenye kisanduku, huteleza kulia, hugonga bomba na kumrudia. Anayeudhani kuwa adui na kujaribu kuukwepa huenda akaugusa, naye hushangaa kujiona anakua. Hata mtoto asiyejua kusoma amefundishika.

Huko mbele makosa ni ghali. Sarafu 100 humwongezea mchezaji uhai mmoja, lakini kila anapokawia kuziokota, muda wake unamwishia.