KITABU KINENE SI SHERIA

Ugomvi unapozuka juu ya mkataba wa kusafirisha korosho toka chama cha msingi, Newala au Masasi, hadi ghala kuu, huenda mwanasheria akataja Halsbury's Laws of England. Kitabu hicho, kilichoanza kuchapishwa Uingereza mwaka 1907, hakitungi sheria. Hukusanya sheria za Bunge lao na hukumu za majaji, mada kwa mada, na kuonyesha kila kauli imetoka wapi.

Tanzania ilirithi sheria za Kiingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai, 1920. Nazo hutumika pale tu sheria ya nchi iliponyamaza, na kwa kadiri hali ya wananchi inavyoruhusu. Kuhusu mikataba haikunyamaza: ipo Sura ya 345.

Tuseme lori limechelewa. Kitabu kitamwelekeza msomaji kwenye kesi ya Hadley na Baxendale ya mwaka 1854. Mwenye kinu alinyimwa fidia ya faida aliyoikosa, kwani mahakama iliona msafirishaji hakuelezwa kuwa kinu kingesimama. Kifungu cha 73 cha Sura ya 345 kina kanuni hiyo hiyo. Basi katibu na aandike mkatabani, kabla gari halijapakiwa, siku ya mnada na hasara itakayofuata mzigo ukichelewa.