Ukoma: dawa iko kwenye kituo cha mtaa, lakini nani ataona doa?

Hapa Likasi, mtu wa Kikula, wa Panda ao wa Shituru mwenye doa lisilosikia kitu kwenye ngozi hana haja ya kutafuta nyumba ya pembeni ya wagonjwa wa ukoma. Anatakiwa kwenda kwenye kituo cha afya cha mtaa wake, palepale mama anapopeleka mtoto kwenye kilo na chanjo. Ule njo mpango wa inchi yetu: ukoma usitengwe tena, uingie ndani ya kazi ya kila siku ya zoni za afya.

Wazee wanakumbuka mambo mengine. Wakati wa Wabeleji, mgonjwa alipelekwa mbali, mu kijiji chake peke yake. Leprozeri ya Yonda, karibu na Mbandaka, ilijulikana mpaka Ulaya: mwandishi Mwingereza Graham Greene alikaa pale mwaka 1959 kabla ya kuandika kitabu chake juu ya leprozeri ya Kongo. Kuingia kule kulikuwa rahisi. Kurudi kwa ndugu njo kulikuwa shida.

Kilichobadilisha mambo ni dawa. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliomba wagonjwa wapewe dawa kadiri pamoja: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye madoa matano ao chini anazimeza miezi 6. Mwenye mengi zaidi, miezi 12. Tangu 1995 dawa hizi zinatolewa bure dunia nzima. Mara moja kwa mwezi mgonjwa anameza dozi mbele ya infirmier, siku zingine anameza nyumbani. Muda mfupi tu kisha kuanza, haambukizi tena. Basi, kama dawa inamezwa nyumbani, kumfungia mtu kuna faida gani?

Faida ya mpango huu tunaiona. Kituo kiko karibu, makuta ya njia inapunguka. Tena mgonjwa anaketi kwenye banki moja na wenye malaria na wenye kukohoa. Hakuna jirani anayejua amefuata nini. Mu mtaa ambamo neno «mukoma» linatosha kuvunja ndoa ao kufukuzisha mpangaji, siri ile ni sehemu ya dawa.

Lakini kuna upande wa pili, na lazima tuuseme. Mwisho wa mwaka 2007, Kongo ilifikia kipimo cha OMS: chini ya mgonjwa 1 kwa watu 10 000. Wengi walisikia «ukoma umeisha». Haukuisha. Mwaka 2017 inchi yetu iliandika tena wagonjwa wapya zaidi ya 3 000. Ugonjwa huu unalala mwilini miaka 5 kwa kawaida, mara zingine 20 na zaidi. Na Likasi ni muji wa mashimo: watu wanatoka mbali kutafuta kazi, kesho wako Kambove, kesho kutwa Kolwezi. Anayeonekana hapa leo, pengine aliambukizwa kwingine, zamani.

Sasa muweke mbele yenu infirmier kijana. Kila siku anaona malaria, kuhara, wajawazito. Pengine miaka inapita bila kuona ukoma hata mara moja. Siku doa linafika, anatoa pomade. Mgonjwa naye anasema: «Haiumi, njo maana sina haraka.» Mwingine anasema ni acide ya kazi. Kumbe kule kutouma njo alama yenyewe! Mikrobi inaua mishipa ya fahamu polepole: mkono unaungua kwenye mbabula bila kusikia, vidole vinajikunja, jicho halifunge tena. Dawa inaua mikrobi. Haifufui mishipa iliyokwisha kufa.

Kwa hiyo kuingiza ukoma mu kazi ya wote kusiwe njia ya kuusahau. Kupima hakuombe mashini: infirmier anagusa doa na kipande kidogo cha pamba, mgonjwa akifunga macho, kisha anagusa ngozi nzima. Kama pale kwenye doa hasikii, arudi kumfikiria vizuri. Anashika pia mishipa ya kiwiko na ya shingo, kuona kama imevimba. Ma-relais wanaopita nyumba kwa nyumba wafundishwe hivyo hivyo, na watu wa nyumba ya mgonjwa wapimwe wote, watoto wa kwanza. Wakubwa wa zoni nao, wanapotembelea vituo, waulize: tangu mwaka jana, mulipima madoa mangapi?

Tena, dawa ya bure haitoshi. Kidonda cha mguu kinaomba kufungwa kila mara, mguu usiosikia unaomba kiatu kizuri. Kama fishi na pansement vinalipwa, maskini atabaki nyumbani, na watu watasema tena ukoma hauponi.

Nanyi wasomaji, angalieni migongo ya watoto wenu wakati wa kuwaogesha. Doa jeupe ao jekundu lisilowasha, lisilouma, musilipe pomade ya soko. Pelekeni mtoto kwenye kituo, na muombe munganga alipime na pamba. Akipatwa mapema, atapona bila alama, na masomoni hakuna atakayejua.