Masika Yakiingia, Nyumbani Kuna Raha

Mvua za masika zianzapo kunyesha mwezi wa Machi, mfanyakazi wa mjini huzipokea kwa manung'uniko. Hufikiria matope ya njiani, basi lililochelewa na nguo zisizokauka. Lakini, ndugu msomaji, mvua hizo hizo humletea kitu ambacho kiangazi humnyima: saa za kukaa nyumbani pamoja na jamaa yake. Saa hizo zaweza kupotea bure kwa miayo na kutazama simu. Au zaweza kuzaa mboga, maarifa na joto la kitandani.

Tuanze na bustani. Wazee wanaoikumbuka kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974, wakati wa ukame, wanajua jinsi hata wakazi wa mijini walivyohimizwa kulima kila kipande cha ardhi. Busara ile haijachakaa. Inua tuta la upana wa mita moja na kimo cha sentimita 20, ili maji yasituame mizizini, kisha changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzisia, uzifunike kwa udongo haba, na utandaze nyasi juu ili matone mazito yasizifukue. Zikichipua, ziondoe nyasi. Baada ya wiki tatu au nne utaanza kuchuma. Asiye na kiwanja atumie gunia au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Vyombo vingine vinavyokinga maji ovyo uani hapana budi vimwagwe kila wiki, maana humo ndimo mbu wakuliamo. Dar es Salaam ilipatwa na homa ya dengue mwaka 2014, na tena mwaka 2019.

Mvua ikizidi, ingia ndani ushike kitabu. Taifa letu liliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu waliingia madarasani. Lakini kisomo kisichotumiwa hupata kutu. Chukua, kwa mfano, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952. Ni hadithi ifaayo kusomwa kwa sauti, kurasa chache kila jioni, baba akianza na mtoto akipokea. Mtoto atakayesikia kwamba mtu mwema kama Adili huwachapa manyani wawili kila usiku hatakubali kulala mpaka ajue sababu. Tena, mtoto humwiga mzazi anayemwona na kitabu mkononi kuliko anavyomtii yule anayemwamuru tu akasome.

Mikono nayo ina haki yake. Katika nyumba nyingi zimo kanga zilizochanika, na kwa fundi cherehani hapakosekani mabaki ya vitenge. Vifue kwanza vitambaa hivyo, ili vinavyorudi na vinavyochuja rangi vijulikane mapema. Kwa kipimo cha kadibodi kata vipande vya mraba vya sentimita 22 kila upande, ukiacha sentimita moja ya mshono pande zote. Vipande 48, yaani mistari minane ya vipande sita, vitatoa mfarishi wa mtoto wa sentimita 120 kwa 160. Weka shuka kuukuu chini na blanketi lililochakaa katikati, kisha piga bandi kupitia matabaka yote. Ukishona mstari mmoja kila jioni, mfarishi utakuwa tayari kabla ya baridi ya Juni, ambayo wenzetu wa Iringa na Mbeya wanaijua vyema. Na mtoto atakapojifunika atatambua: hii ni kanga ya bibi, hili lilikuwa shati la baba.

Hata hivyo, lipo jambo moja lisilofaa kunyamaziwa. Mama ametoka kazini, amepika, ameosha vyombo na kuwalaza watoto. Ukimtwisha pia jembe, hadithi na sindano, hukumpa raha. Umemwongezea zamu nyingine. Starehe ya nyumbani ni starehe pale tu inapogawanywa. Baba asione haya kushika sindano. Mafundi cherehani wengi wa mijini ni wanaume, na hakuna awachekaye. Mvulana aoshe vyombo, ili dada yake naye apate saa moja ya kusoma. Kwa namna hiyo watoto watajifunza usawa kwa kuuona, wala si kwa kuhubiriwa.

Basi Jumapili hii, mvua ikipumzika, kaeni pamoja mgawane kazi: nani atainua tuta, nani atasoma, nani atakata vitambaa. Na siku ya kwanza, mama awe wa kwanza kukaa kitini na kusomewa.