Kanieneo Ndani ya Bunduki

Huko Marekani wawindaji wengi hujaza upya maganda ya risasi nyumbani: hutia fataki mpya, hupima baruti kwa mizani, kisha hukaza kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda. Kiasi cha baruti hukisoma katika majedwali. Je, tarakimu hizo hupatikanaje?

Baruti isiyo na moshi huungua upesi zaidi kadiri kanieneo inavyopanda, na kuungua huko huipandisha tena. Kwa hiyo nyongeza ndogo ya baruti huleta ongezeko kubwa la kanieneo. Kwa risasi ya .30-06 kikomo cha Marekani ni pauni 60,000 kwa inchi mraba, yaani takriban mara 4,000 ya kanieneo ya angahewa. Kikipitwa mno, ganda hupasuka, na pengine bunduki yenyewe, karibu kabisa na jicho la mpigaji.

Katika karne ya 19 maabara zilianza kutumia pistoni iliyoponda kipande cha shaba. Kadiri shaba ilivyofupika, ndivyo kanieneo ilivyokadiriwa. Lakini shaba huhitaji muda ili ibonyee, na kilele cha kanieneo hupita katika sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka 1880 Pierre na Jacques Curie walionyesha kwamba fuwele fulani, kama za kwatzi, zikibanwa hutoa chaji ya umeme. Vipimo vya namna hiyo hufuata mabadiliko hayo ya ghafla. Ndiyo sababu kikomo kilekile cha .30-06 huandikwa 50,000 katika kipimo cha shaba na 60,000 katika kipimo cha fuwele. Asomaye jedwali la zamani bila kujua ni kipimo gani kilichotumika hujidanganya.

Majina nayo huponza. Baruti mbili, IMR 4831 na H4831, zina namba moja, ila ya kwanza huungua upesi zaidi. Tena uzito hutajwa kwa greni, na greni 1 ni gramu 0.0648 tu, anayezichanganya hukosea zaidi ya mara 15!

Nyumbani hakuna pistoni wala fuwele. Wengine hutazama kama fataki imebapa, lakini katika bunduki moja ishara hiyo huonekana mapema, na katika nyingine huonekana baada ya kikomo kupitwa.