Fahamu Jack Reacher alivyozaliwa baada ya mtunzi wake kupoteza kazi

Kama umeangalia tamthilia ya Reacher kwenye Prime Video, jamaa unamjua: mwili jumba, maneno machache, na akifika mji wowote lazima kuna watu watavunjwa mikono. Wengi hawajui kwamba alianzia kwenye vitabu, na vitabu vyenyewe vilianza kwa sababu kuna mtu aliachishwa kazi.

Mtu huyo ni James Grant, Mwingereza aliyezaliwa Coventry mwaka 1954. Alifanya kazi kwenye televisheni ya Granada, Manchester, tangu 1977. Mwaka 1995 kampuni ikapunguza watu na kibarua chake kikaota nyasi. Umri miaka 40, ana mke na binti. Badala ya kuzunguka na bahasha ya kaki, akanunua karatasi na penseli, akakaa kuandika riwaya. Ingegoma, familia ingeumia.

Haikugoma. Killing Floor ilitoka 1997 kwa jina la Lee Child, ikashinda tuzo ya Anthony ya riwaya bora ya kwanza. Leo vitabu vimefika 30 na nakala zilizouzwa zimepita milioni 100.

Jina la Reacher lina kichekesho chake. Grant ni mrefu sana. Siku moja akiwa supamaketi, bibi mmoja akamwomba amshushie kitu kwenye shelfu la juu. Mkewe akamtania kuwa uandishi ukimshinda, kazi ya kufikia vitu vya juu madukani ipo. Jina likapatikana hapo hapo!

Reacher mwenyewe alikuwa meja wa polisi wa jeshi la Marekani, mpelelezi wa kesi ngumu. Vita Baridi vilipoisha jeshi likapunguzwa, naye akatoka. Unaona? Mtunzi alimpa mhusika wake yaliyompata yeye, ila huyu halii wala hatafuti kazi. Anazunguka Marekani kwa basi na kwa lifti za barabarani, hana nyumba, hana gari, hana begi. Mfukoni ana mswaki wa kukunja. Nguo zikichafuka hafui, ananunua nyingine za bei chee na kutupa za zamani.

Kutokuwa na kwao ndiyo siri ya vitabu hivi. Kila hadithi inaanza upya: mji mpya, kesi mpya. Kwenye Killing Floor anashuka basi karibu na kamji ka Margrave, Georgia, anaagiza mayai na kahawa, na kabla hajamaliza polisi wanaingia kumkamata kwa mauaji asiyoyajua. Ndiyo maana unaweza kuokota kitabu chochote cha katikati na usipotee.

Sinema zilileta ugomvi. Tom Cruise aliigiza mwaka 2012 na 2016, mashabiki wakanuna: Reacher wa vitabuni ana futi 6 na inchi 5, Cruise hafiki huko hata akivaa viatu virefu. Walitulia mwaka 2022 alipokuja Alan Ritchson, na kusema kweli huyo ndiye.

Swali gumu lilikuwa nani aendelee kuandika. Child aliwahi kufikiria kumuua Reacher na kufunga hadithi, lakini wasomaji bado walimtaka. Mwaka 2020 akatangaza kumkabidhi mdogo wake, Andrew Grant, ambaye sasa anaandika kama Andrew Child. The Sentinel, ya mwaka huo huo, ndiyo ya kwanza kubeba majina yote mawili. Kuna wasomaji wanaoapa kuwa ladha imebadilika tangu hapo.

Kama umeishia kwenye tamthilia, msimu wa kwanza ni Killing Floor, wa pili ni Bad Luck and Trouble, wa tatu ni Persuader. Cha mwisho hapo ndicho chenye mwanzo mtamu kuliko vyote.